Glavu Isiyo na Tundu Nayo Hupitisha Dawa

Mvua za mwezi wa tisa zikianza, majani ya Kasongo huota haraka kuliko mshahara. Huota kando ya barabara za mgodi, chini ya nyaya za umeme, kuzunguka matangi ya mazuti, na kwenye uzio wa ghala la baruti, ambako majani marefu hayaruhusiwi kwa hofu ya moto. Zamani kazi hiyo ilikuwa ya panga na jasho. Siku hizi mara nyingi hupewa mtu mmoja mwenye pompi mgongoni, bidoni ya dawa ya kuua majani, na jozi moja ya glavu, zile ambazo wengi wetu tunaziita gan.

Ndugu mfanyakazi, leo tuzungumze juu ya gan hizo. Hatutasema habari ya kuzivaa au kutozivaa. Hiyo umekwisha kuhubiriwa hata masikio yamechoka. Tutajibu swali ambalo watu wa pompi hutuletea hapa dispansari, wakinyoosha mikono yao juu ya meza: "Munganga, gan yangu ni nzima. Haina hata tundu moja. Mbona ngozi ya vidole inabanduka?"

Mwenye kuuliza hivyo hasemi uongo. Gan yake inaweza kuwa nzima kweli. Ukiijaza maji haivuji hata tone. Lakini dawa inaweza kuwa imepita, na kupita katikati ya mpira wenyewe, pasipo tundu. Jambo hili wengi hawalijui, hata makapita wengine, hata baadhi ya wenye kuandika karatasi za kununua vifaa.

MAKAYABU NDANI YA SANDUKU

Dawa ina njia tatu za kuufikia mkono uliovaa glavu. Ya kwanza kila mtu anaijua: tundu la mwiba, mshono uliofumuka, au tone linaloteremka kutoka kwenye kiwiko na kuingia kwa mlango wa glavu. Ya pili ni glavu yenyewe kuharibika: mpira unavimba, unanata, au unakuwa mgumu na kupasuka ukikunja vidole. Hizo mbili jicho huziona.

Ya tatu jicho haliioni. Chukua makayabu, yafunge vizuri katika sashe ya plastiki, uyaweke ndani ya sanduku la nguo. Sashe haina tundu. Lakini mama atakapovaa kikwembe chake siku ya pili, majirani wote watajua ulinunua nini sokoni. Au tazama baloni ya watoto siku ya sikukuu. Imefungwa kwa uzi, imekaza kama ngoma. Kesho yake asubuhi imelegea, wala hakuna aliyeitoboa. Hewa imetoka kidogo kidogo katikati ya mpira.

Dawa ya majani nayo inaweza kufanya vivyo hivyo. Chembe zake ndogo hukaa juu ya uso wa glavu, huingia katika mpira, hutembea polepole, kisha hutokea upande wa ndani, penye ngozi yako na jasho lako. Mkono hauhisi kulowa, kwa sababu hayo si maji yanayomwagika; ni chembe moja moja. Kwa nje mpira unang'aa kama mpya. Ndiyo maana mtu hujiamini na kuendelea kuvaa glavu ile ile wiki ya pili na ya tatu.

Kwa hiyo swali la kuuliza juu ya glavu yoyote ya dawa ni hili: inaizuia dawa hii kwa muda gani? Maana kila glavu ina saa zake. Zikiisha, umevaa kitambaa tu.

JINSI LABORATWARI INAVYOIPIMA

Wenye kutengeneza glavu hupima muda huo kwa chombo rahisi kukieleza. Fikiri vikombe viwili vya kioo vilivyolazwa na kugusanisha midomo. Katikati ya midomo hiyo hubanwa kipande kilichokatwa katika glavu, kama ngozi ya ngoma. Kikombe cha kwanza hutiwa dawa. Cha pili hupitishwa hewa safi au maji safi, ambayo yanaendelea mpaka kwenye mashine ya kupima. Saa inaanza. Mwanzoni mashine haioni kitu. Baada ya muda inaanza kuona dawa katika kikombe cha pili, na muda huo huandikwa.

Katika kanuni za Ulaya, ambazo alama zake ziko kwenye glavu nyingi zinazouzwa duniani, saa husimamishwa dawa inapopita kwa kasi ya mikrogramu 1 kwa dakika katika kila sentimita mraba ya mpira. Mikrogramu ni gramu moja iliyogawanywa mara milioni. Ni kidogo sana, lakini si sifuri. Kabla ya saa kusimamishwa, chembe nyingine zimekwisha kupita. Wamarekani wao husimamisha saa mapema zaidi, kwa kasi ndogo mara kumi. Ndiyo sababu glavu moja inaweza kuandikiwa dakika nyingi katika karatasi ya Ulaya, na dakika chache katika karatasi ya Marekani. Hakuna aliyedanganya.

Muda huo hupangwa katika ngazi sita. Ngazi ya 1 ni zaidi ya dakika 10. Ya 2 ni zaidi ya 30, ya 3 zaidi ya 60, ya 4 zaidi ya 120, ya 5 zaidi ya 240. Ngazi ya 6 ni zaidi ya dakika 480, ndiyo saa 8, siku nzima ya kazi. Soma vizuri ngazi ya kwanza: dakika 10! Kutoka magazini mpaka kwenye uzio wa baruti, mtu anaweza kuzimaliza akiwa bado anatembea.

Kuna jambo lingine ambalo karatasi hailisemi kwa sauti. Kipimo hicho hufanywa kwenye joto la digrii 23, katika chumba kilichotulia. Mkono wa mtu ndani ya glavu uko karibu na digrii 35, na jua letu la saa saba mchana mnalijua wenyewe. Joto likipanda, chembe hutembea upesi zaidi. Tena katika chombo cha laboratwari kipande cha mpira hakikunjwi wala hakivutwi, nawe unakamata mpini wa pompi, unabana, unaachia, asubuhi yote. Basi dakika zilizoandikwa kwenye karatasi uzichukue kama bei ya mfanyabiashara: si bei ya mwisho. Zipunguze.

Unene nao una nguvu kuliko tunavyodhani. Kwa hesabu, mpira wa aina ile ile ukiwa mnene mara mbili, dawa huchelewa kutokea mara nne hivi, si mara mbili. Katika maelekezo ya Marekani juu ya dawa za mashambani, glavu nyingi zinazokubaliwa kwa dawa zilizochanganywa na mafuta hutakiwa kuwa na unene usiopungua milimita 0.35 hivi. Glavu nyembamba za dispansari, zile ambazo watu hutuomba kwa siri "mbili tu, Munganga", ni nyembamba kuliko hizo kwa mbali. Zimetengenezwa kuzuia damu na vijidudu kwa muda mfupi, kisha kutupwa. Hatukunyimi kwa choyo.

PICHA YA CHUPA NA HERUFI ZAKE

Ukigeuza glavu nzuri, karibu na kifundo utaona picha ndogo ya chupa ya laboratwari, pana chini na nyembamba juu. Chini yake kuna herufi. Kila herufi ni kitu kimoja ambacho glavu hiyo imepimiwa. A ni methanoli, B ni asetoni, K ni soda kali, L ni asidi ya salfa, na kuendelea. Katika kanuni iliyotoka mwaka 2016 vitu hivyo ni 18.

Sasa sikiliza vizuri: kati ya vitu hivyo 18 hamna hata dawa moja ya kuua majani. Glavu inaweza kujaa herufi kama barua ya serikali, na bado herufi hizo zisikuambie lolote juu ya bidoni iliyo mbele yako. Aliyenunua glavu kwa kuhesabu herufi amehesabu kitu kingine.

Kwa watu wa pompi kulitolewa kanuni ya peke yake mwaka 2019, yenye namba ISO 18889. Dawa nyingi za majani hazigeuki mvuke kwa urahisi, kwa hiyo njia nyingine ya kuzipima ni kuweka dawa juu ya kipande cha glavu na kitambaa cha kukusanya chini yake, kisha, muda uliopangwa ukiisha, kupima jumla ya dawa iliyopita. Alama za kutafuta katika kanuni hiyo ni tatu. G1 ni glavu ya hatari ndogo. Haifai kwa dawa kali ambayo haijatiwa maji. G2 ni ya hatari kubwa zaidi. Inafaa kwa dawa iliyotiwa maji na kwa ile kali ya kwenye bidoni. GR ni ya mtu anayerudi kushika mimea iliyokwisha kupulizwa, nayo hulinda upande wa kiganja tu. Mwenye kufungua bidoni na kuchanganya anahitaji G2. Ndugu wa magazini, ukiandika karatasi ya kununua, andika alama hiyo. Kuandika "glavu, jozi 20" ni kumwachia mfanyabiashara akuchagulie, naye atakuchagulia zilizo karibu na mkono wake.

MPIRA GANI KWA DAWA GANI

Si dawa peke yake inayopita. Inayobeba dawa ndiyo mara nyingi hufungua mlango. Dawa nyingine hukaa katika maji: glifosati ni hivyo, na parakwati, na 2,4-D ya aina ya amini. Ukizimimina katika ndoo, maji hubaki kuonekana. Nyingine hukaa katika mafuta yanayofanana na petroli ya taa. 2,4-D ya aina ya esta ni mojawapo. Hizo ukizimimina, maji hugeuka meupe kama maziwa, na harufu yake hukumbusha rangi ya nyumba. Kwenye karatasi ya bidoni aina hii huandikwa EC, na ile ya maji SL. Herufi mbili tu, lakini zinatosha kukuambia glavu ya mpira mwembamba ibaki nyumbani.

Mpira wa asili, ule unaoitwa lateksi, hauwezani na mafuta. Unaweza kuliona wewe mwenyewe pasipo kugusa sumu. Chukua glavu ya lateksi na glavu nene ya nitrili, zote mbili ziwe hazijagusa dawa yoyote. Kata katika kila moja utepe mwembamba wa urefu wa kidole, utepe mmoja sawa na mwingine. Viweke vyote katika kikopo chenye petroli ya taa, nje, mbali na moto na watoto. Baada ya saa moja vitoe, uvilaze pamoja kwenye karatasi. Wa lateksi utakuta umerefuka, umevimba na kulegea. Wa nitrili utakuwa haujabadilika sana. Kipimo hiki hakikuambii dawa yenyewe itapita kwa dakika ngapi, lakini kinakuonyesha mpira upi unafungulia mafuta mlango.

Nitrili, neopreni na butili ndizo glavu ambazo karatasi za bidoni hutaja mara nyingi. Karatasi ikitaja aina, ifuate hiyo, si ya jirani. Ndani glavu isiwe na pamba. Pamba hunywa dawa ikiingia kwa mlango, na kuilaza juu ya ngozi mchana kutwa. Na glavu ya ngozi, ile ya mlehemu na ya kushika kamba za chuma, ni adui kabisa. Hunywa dawa kama sifongo, haioshwi ikatakata, na kesho anaivaa mwingine anayedhani anashika chuma tu. Ukimwona mtu anapuliza dawa akiwa na glavu za ngozi, mwite pembeni kwa heshima umwambie. Asipokusikia, mwambie kapita.

PROFESA NA MATONE MACHACHE

Wengine watasema: haya ni mambo ya wajinga wasiosoma. Basi nikupe habari ya msomi. Karen Wetterhahn alikuwa profesa wa kemia katika chuo cha Dartmouth, Marekani, mtaalamu wa metali zenye sumu. Tarehe 14 Agosti 1996 alikuwa akifanya kazi katika laboratwari yake na aina moja ya zebaki iitwayo dimethili-zebaki. Alivaa glavu za lateksi, kama ilivyokuwa desturi. Matone machache yalianguka juu ya glavu. Hakukuwa na tundu. Aliendelea na kazi. Miezi ilipita bila neno. Kisha akaanza kuyumba akitembea na kushindwa kusema vizuri. Alifariki tarehe 8 Juni 1997, akiwa na miaka 48.

Glavu za aina ile zilipimwa baada ya hapo. Ilionekana kwamba sumu hiyo hupita katika lateksi kwa sekunde 15 au chini yake. Kipimo kilikuja baada ya mazishi kuwa hakika. (Wachimbaji wa dhahabu wasichanganye: zebaki wanayokamatishia dhahabu si ile. Nayo ni sumu, hasa ikichomwa ikawa moshi, lakini ina ukurasa wake.) Dawa zetu za majani hazina ukali wa kiasi hicho kwa tone moja. Lakini njia ni ile ile, na somo lile lile la glavu nzima isiyo na tundu lilimpata mtu aliyejua kemia kuliko sisi sote.

SAA INAENDELEA USIKU

Hapa ndipo penye kosa la watu wengi wazuri na wasafi. Anamaliza kazi, anaosha glavu kwa sabuni, anazitundika kwenye msumari, kesho anazivaa. Amefanya vema kuosha. Lakini sabuni huondoa dawa iliyo juu tu. Ile iliyokwisha kuingia katika mpira haiwezi kuoshwa. Usiku kucha, glavu ikiwa msumarini, chembe zinaendelea na safari yake kwenda upande wa ndani. Asubuhi unapoingiza mkono, dawa imetangulia kukungoja.

Kwa hiyo chukua kalamu isiyofutika, andika kwenye kifundo cha glavu tarehe iliyoanza kugusa dawa. Kapita aandike katika daftari lake saa ilizofanya kazi. Glavu nyembamba za kutupwa, zitupe baada ya kazi moja fupi, na mara moja zikimwagikiwa dawa kali. Zile nene, magazini iweke idadi ya siku kwa kufuata karatasi ya mtengenezaji na kuzipunguza kwa ajili ya joto letu. Siku zikiisha hazirudi, hata kama zinapendeza machoni. Najua jibu: glavu zinatoka mbali, Bukavu, Kindu au Kalemie, na barabara za masika tunazifahamu. Ni kweli. Basi ziagizwe kiangazi, kabla majani hayajaanza kuota. Glavu zilizokosekana mwezi wa kumi zilikosekana katika karatasi ya mwezi wa sita.

Kabla ya kuzivaa kila asubuhi, fanya kipimo cha tundu, maana nacho kina kazi yake. Shika glavu kwa mlango, izungushe ili hewa ifungwe ndani, ibane, iweke chini ya maji. Vipovu vikitoka, imekwisha. Tazama kati ya vidole, ndiko hupasuka kwanza.

Na mikono ya nguo? Ukipuliza chini, kwenye majani ya magotini, mkono wa shati ukae juu ya glavu, ili tone literemke nje. Ukipuliza juu ya kichwa, glavu ikae juu ya shati.

TAA YA WENYE KUUZA DOLA

Glavu bora nayo haikusaidii ukijikuna nayo usoni. Katika miaka ya 1980 mtaalamu mmoja Mmarekani, Richard Fenske, alitia katika dawa rangi isiyoonekana mchana, kisha akawatazama wapulizaji kwa taa ya zambarau gizani. Miili yao iling'aa mahali ambapo wao wenyewe hawakudhani.

Nasi tunaweza kufanya hivyo bila gharama kubwa. Taa hiyo ni ile ile ambayo wenye kubadili dola hutumia kuangalia noti. Na sabuni nyingi za unga za kufulia zina kitu kinachong'aa chini yake. Chukua pompi mpya ambayo haijatiwa dawa, uijaze maji ya sabuni ya unga, mtu avae glavu na nguo nyeusi ambayo haikufuliwa kwa sabuni hiyo, apulize nusu saa kama kazini. Baada ya maji kukauka, ingieni chumba cha giza na kumulika, lakini si machoni. Mtaona kifundo, paji la uso, mgongo chini ya pompi inayovuja, na zipu ya suruali.

Zipu msiicheke. Mwaka 1971 watafiti wa Kalifornia wakiongozwa na Howard Maibach walitoa vipimo vya jinsi ngozi ya wanaume inavyonywa dawa ya wadudu iitwayo parathioni. Walichukua ngozi ya mkono, sehemu ya mbele chini ya kiwiko, kuwa kipimo cha moja. Kiganja kilinywa mara 1.3, paji la uso mara 4 hivi, kwapa mara 7 hivi. Ngozi ya korodani ilinywa karibu mara 12. Dawa za majani si parathioni, lakini ngozi ni ile ile. Kabla ya kwenda kukojoa, osha glavu zikiwa mikononi, zivue, osha mikono, ndipo uende. Kunawa baada ya hapo peke yake ni kuchelewa.

KUCHA HUSEMA

Wakati mwingine mkono wenyewe ndio kipimo cha glavu. Kwa watu walioshika parakwati kali mara nyingi, kucha huota madoa au mistari myeupe, hulegea, nyingine hung'oka. Ukiona hivyo, usingoje. Ngozi nzima haipitishi parakwati kwa urahisi, lakini ngozi iliyochubuka huipitisha, na huko duniani wamekufa watu ambao pompi iliyovuja iliwalowesha mgongo muda mrefu. Dawa ya kuiponya haipo. Na sisi watu wa mgodi, ni nani kati yetu asiye na mchubuko mkononi? Mwenye kidonda mkononi asipewe pompi wiki hiyo. Apewe kazi nyingine, bila kukatwa kitu. Delege wa wafanyakazi anaweza kulisema jambo hilo katika kamati ya usalama na usafi, ambayo imewekwa na sheria ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002.

Dawa ikimwagika ndani ya glavu, vua upesi, osha kwa maji mengi na sabuni dakika 15 kamili. Nguo iliyolowa itoke mwilini papo hapo, hata kama kuna watu. Njoo dispansari na karatasi ya bidoni au bidoni yenyewe. Jina la dawa hutusaidia kuliko maneno mengi. Aliyemeza asitapishwe, wala asiletewe maziwa kwanza. Aletwe yeye, mbio.

Mama, wewe nawe una sehemu yako. Nguo za pompi zifue peke yake, si katika beseni moja na za mtoto, na mwenye nguo achote maji mwenyewe. Na glavu nzee zikija nyumbani, uliza zimetoka wapi. Tunaziona kambini: moja inashikia sufuria ya moto, nyingine imekatwa vipande vya kufungia mizigo kwenye kinga, na vijana wametengeneza manati, mpira wanaunyosha kwa meno. Mpira ule bado una dawa ndani yake, na joto la sufuria huitoa.

Ndugu wa pompi, siku ya mwisho ya glavu yako, ioshe ikiwa mkononi, ivue, kisha chukua mkasi ukate vidole vyote vitano, uirudishe magazini katika mfuko wa taka za dawa. Iliyokatwa vidole haivaliwi na mtu, wala haibebwi nyumbani.